Alivuka ama Alirudi?

Niwaambie mapema, kabla hamjaanza kunionea huruma: mimi si mtu mpole. Watu wa kanisa wakimwona mwanamke anamlisha babake uji kwa kijiko wanadhani wamemwona malaika. Mimi nilikuwa namlisha Tata, babangu, nikiwa nimekunja uso, na akichelewa kumeza nilikuwa namwambia, "Meza basi, si dawa." Nilimpenda, ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka mdomo wake haulali.

Jina langu ni Nyakerario. Ni jina la nyanya yangu, mamake Tata, na ndiyo maana Tata huniita Mama. Kwetu Wakisii hilo si jambo la ajabu. Ukipewa jina la mtu, unapewa na heshima yake. Nilipokuwa mdogo nilifurahi sana kuona mzee mzima na masharubu yake akiniita Mama mbele ya watu. Sikujua jina linaweza kumfunga mtu mguu.

Nyumba yetu iko juu ya Mogogosiek. Tata, jina lake Mageto, alikuja huku akiwa kijana kuchuma chai ya kampuni, na alipostaafu akanunua kipande cha shamba akapanda chai yake. Mama mzazi alifariki zamani. Halafu macho ya Tata yakaanza kuingia ukungu mpaka akawa anaona mwanga tu, na baadaye ugonjwa wa kupooza ukampiga upande wote wa kulia. Wakati huo mimi nilikuwa fundi wa nguo Kapkatet, nashona sare za shule. Nilikuja nyumbani kumwangalia kwa wiki moja. Hiyo wiki ikazaa miaka mitatu, na cherehani yangu ikakaa kwa kona, imefunikwa nailoni.

Mtauliza, kwani huna ndugu? Ninaye. Jackton, kaka yangu, anabeba viazi kwa pikapu na anaishi Kapkatet na mkewe Ann. Si mbali. Lakini kwetu baba hawezi kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana hawezi kumshika babamkwe wala kumlisha. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na ukiivunja aibu ni ya ukoo mzima. Hata mimi binti sikuruhusiwa kumwogesha. Hiyo kazi ilifanywa kila asubuhi na Nyaberi, mzee jirani wa rika lake, ambaye alimwogesha akimpigia kelele kama anaosha gari. Lakini kulisha, kufua, kumgeuza kitandani asipate vidonda, hayo yote yalikuwa yangu. "Wewe si binti tu," wazee walisema, "wewe ni mamake. Mama hulea." Wakacheka, wakanywa chai yangu, wakaenda zao.

Jackton alikuwa na chumba cha nje uani kwake, anaweka viazi. Chinsoni haikatazi chumba cha nje. Alisema atakisafisha, aweke kitanda, na kuna mzee wa rika la Tata pale jirani atakayesaidia kuogesha. Tata akakataa kabisa. "Nikalale na viazi?" akasema. "Mimi ni gunia?" Hapo mambo yakaishia. Kila nikimpigia Jackton simu ananiambia nivumilie tu, Mungu anaona. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga hawakukosea.

Sasa, kitu kilichoniweka na akili zangu ni muvi.

Chege ana duka pale chini Mogogosiek, karibu na wauzaji wa mitumba. Wazazi wake walitoka Murang'a wakaja kuuza mbolea, yeye akaona mbolea inanuka, akafungua duka la muvi. Unampelekea flashi ama simu, anakuwekea. Watu wanasema hiyo biashara imekufa, kila mtu ana intaneti. Waambie waje huku kwetu mvua ikinyesha, waone kama hiyo intaneti inapanda mlima.

Chege anajua kila mtu anapenda nini, na anajua sababu. "Wachuma chai wanataka jangwa," aliniambia siku moja. "Jua, mchanga, ngamia. Hakuna mtu hapa ameniomba muvi ya mvua, hata mmoja. Wale wa kiwandani, wanashinda kwa joto la mashine ya kukausha majani, hao wanataka barafu. Kuna mwalimu wa nasari, yeye anataka muvi yoyote bora isiwe na mtoto."

"Na mimi?"

"Wewe? Wewe unataka jela," akasema bila hata kuinua macho.

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa amesema kweli. Nilipenda muvi za mtu amefungwa, anachimba ukuta polepole kwa kijiko. Kijiko! Mimi pia nilikuwa na kijiko mkononi kutoka asubuhi, nachimba uji. Nilipenda hasa ile sehemu ya katikati, kabla hajatoka, wakati anaficha mchanga mfukoni na kuumwaga uani akijifanya anatembea tu. Mfungwa ana bahati moja: anajua ukuta uko wapi. Anamwona askari, anamchukia, roho yake inatulia. Mimi ningemchukia nani? Askari wangu hakuweza hata kujigeuza kitandani.

Na ukuta wenyewe haukuwepo. Ukitoka mlangoni kwetu unaona chai. Upande wa pili chai. Mlima wa ng'ambo chai, imechumwa ikawa sawasawa mpaka unadhani unaweza kutembea juu yake. Wageni husimamisha magari wapige picha. "Wueh, Kericho na Bomet ni kuzuri!" Basi mnisaidie kukaa.

Mchana, mvua ikianza, nilikuwa naegemeza simu kwenye cherehani na kumsimulia Tata ninachoona.

"Sasa anafanya nini?" anauliza.

"Anapanda ukuta."

"Ana viatu?"

"Tata, si unyamaze tuone!"

"Wewe ndiye unaona," anasema. "Mimi nanyamaza nione nini?"

Lakini yeye hakupenda jela. Alikuwa na muvi yake moja tu, aliyoiona ujanani. Zamani kampuni ilikuwa inawaletea wachumaji sinema Jumamosi jioni. Gari linakuja, shuka jeupe linatundikwa ukutani kwa stoo, jenereta inanguruma. Picha ilikuwa ya Kizungu, kwa hivyo karani wa mizani, mtu anaitwa Orina, alisimama na kipaza sauti akawatafsiria. Kizungu cha Orina hakikuwa kirefu. Pale kilipokatika aliongeza chake, na watu wote wa kwenye picha aliwapa majina ya nyumbani. Ndiyo maana katika hiyo muvi shujaa, Mzungu mwenye kofia na bastola mbili, alikuwa anaitwa Omosa.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna nchi kavu, haina mti. Kuna mzee ana kisima na geti. Omosa kazi yake ni kumchotea yule mzee maji na kufungua geti, kila siku, kila siku. Halafu siku moja anatokea farasi asiye na mwenyewe. Omosa anampanda, anakimbia mpaka mtoni. Ng'ambo kuna mji, taa zinawaka. Anasimama kwa maji, anageuka, anaona moshi wa jiko la mzee. Hapo hapo mvua ikanyesha, shuka likalowa, jenereta ikazima, watu wakakimbia nyumbani na makoti vichwani.

"Kwa hivyo alivuka ama alirudi?" Tata alikuwa ananiuliza. Aliuliza nikimpa dawa, aliuliza nikimbadilisha shuka. Na kila nilipotaja neno la safari, hata ya kwenda Kapkatet kununua uzi, Omosa alikuwa anaingia. "Nitafutie hiyo muvi, Mama. Tukimaliza ya Omosa, hapo nitakuachilia uende ukashone."

Alikuwa anasema akicheka. Mimi nilisikia ahadi.

Basi nikatafuta. Nilishuka kwa Chege nikamwambia nataka muvi ya farasi, ya zamani.

"Actor ni nani?"

"Omosa."

Chege alicheka mpaka akakalia kreti ya soda. Lakini alinisaidia, Mungu ambariki. Kila farasi aliyempata alinipa. Nilipanda mlima na flashi kwenye soksi isilowe, nikafungua, Tata akasikiliza kidogo na kutikisa kichwa. "Si huyu. Farasi huyu anakohoa." Ama, "Farasi wa Omosa hakuwa anakanyaga hivi." Farasi wa dunia nzima walipita ndani ya nyumba yetu, na hakuna aliyempendeza.

Mwaka huu, mwezi wa nne, Moureen akanipigia simu. Tulisomea ushonaji pamoja. Yeye alienda Athi River kwenye kiwanda cha nguo, na sasa msichana mmoja wa laini yao ya mashine alikuwa ameacha kazi.

"Nimeongea na msimamizi," akasema. "Anakungoja mpaka Jumatatu. Ukikosa kufika anaweka mtu mwingine, na sijui kama watafungua tena. Kuja, Nyake! Huku ni kukavu! Unafua asubuhi, saa sita umevaa. Hakuna matope. Unamwona mtu akiwa mbali mpaka unachoka kumngoja afike."

Nilikata simu nikakaa chini ya mti wa parachichi nje ya jiko. Nchi kavu. Nikampigia Jackton.

"Jumatatu?" akasema. "Dada, chumba kipo, viazi naweza kutoa saa hii. Lakini si mzee ndiye amekataa? Sasa mimi nifanye nini, nimfunge kamba nimweke kwa pikapu?"

Hapo kusema kweli hakuwa na makosa. Nikaingia ndani, nikavuta kiti mpaka kwa kitanda.

"Tata, nimepata kazi. Athi River. Lazima nifike Jumatatu."

Mkono wake mzima, wa kushoto, ukashika blanketi.

"Jackton yuko tayari na kile chumba," nikasema. "Kuna kitanda. Kuna dirisha."

"Na Omosa?" akasema.

Nikasimama. "Omosa gani tena, Tata? Mimi nakuambia habari ya maisha yangu!"

"Nauliza tu. Ulisema Chege alikuwa anatafuta."

Nikatoka kabla sijasema kitu ambacho mtoto hasemi. Nikachukua kikapu, nikaingia shambani, nikachuma chai kwa hasira. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi. Mimi nilivunja kila kilichokuja mkononi, majani mazee, vijiti, yote. Nilipofika kituo cha kupimia, karani akaingiza mkono ndani ya gunia langu, akatoa majani magumu, akayaangalia, akaniangalia.

"Mama, haya ni majani ama ni hasira?" akasema. "Mwaga chini, chambua."

Nikamwaga kwenye sakafu, nikapiga magoti, nikaanza kuchambua huku wenzangu wananipita na kupima. Lori likaja, likapakia, likaondoka na mimi bado nachambua. Hapo magotini ndipo nilipokata tamaa. Sikulia. Nilisema tu ndani yangu, Nyakerario, wewe hutoki hapa. Acha kujidanganya na vijiko vya watu wa jela. Na kama hutoki, maliza hii ya Omosa, isiulizwe tena maishani mwako.

Nikarudi nyumbani na gunia langu. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nikamgeuza Tata, nikamweka mto mgongoni, nikakaa na simu mkononi. Ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeizima nisiongee na Moureen.

"Chege ameipata," nikasema.

"Ameipata nini?"

"Ya Omosa."

Alitega sikio. "Mbona sisikii kitu?"

"Sauti imeharibika. Nitakusimulia. Nyamaza basi."

Na nikaanza. Nilimpa nchi kavu, kisima, geti. Nilimpa kamba ya ndoo inavyokata viganja vya Omosa, maana hiyo naijua. Nilimwambia vile Omosa anaamka asubuhi na kabla hajafungua macho anajua siku itakuwa vipi mpaka jioni. Vile anampenda yule mzee na vile wakati mwingine anasimama nyuma ya nyumba anauma shati lake ili asipige kelele. Nilimleta farasi. Nikampandisha Omosa, nikamkimbiza, na naapa nilisikia upepo. Tukafika mtoni. Taa zikawaka ng'ambo.

"Anaona moshi?" Tata akauliza polepole.

"Anaona moshi." Sauti yangu ilianza kunisaliti, nikaikaza. "Anauangalia. Halafu anageuza farasi. Amerudi, Tata. Omosa alirudi, akafungua geti, akamchotea mzee maji. Muvi imeisha. Umefurahi?"

Mvua ilipiga mabati. Tata alikuwa amelala na uso wake juu, macho yake ya ukungu yamefunguka. Nilingoja aseme asante. Angeweza kusema asante, na mimi ningekaa pale mpaka nizeeke, na hakuna mtu angemlaumu.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hakurudi."

"Wewe unajuaje? Si mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha. Lakini waliileta tena Jumamosi nyingine, kwa sababu watu walilalamika." Ulimi wake ulikuwa mzito, kila neno alilisukuma. "Niliiona yote. Omosa alivuka."

Sikuelewa mara moja.

"Yaani ulikuwa unajua? Tata, ulikuwa unajua? Nimepanda huu mlima kwa matope mpaka viatu vimekufa! Chege ananicheka na soko lote! Eti farasi anakohoa! Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu akitafuta," akasema, "anarudi."

Niliweka mikono kichwani. Nilitaka kurusha kitu, na kitu cha karibu kilikuwa kikombe chake cha plastiki, nikakirusha, kikagonga cherehani. Tata alishtuka lakini hakunikemea.

"Na yule mzee?" nikauliza. Nilikuwa nalia sasa, na hasira haikupungua. "Huko kwa muvi yako, yule mzee alifanywa nini?"

"Haikuonyesha. Omosa alivuka, watu wakapiga makofi, wakaenda. Mimi nilimfuata Orina. Nikamuuliza, yule mzee nani alimchotea maji? Akaniambia, wewe Mageto, hiyo haiko kwa picha." Akapumua. "Mama, mimi nilimwacha baba yangu Kisii nikaja huku. Alikufa wakati wa chai nyingi. Msimamizi akaninyima ruhusa ya kwenda kumzika, na mimi sikubishana naye sana. Mimi nilivuka. Kwa hivyo nilikuwa nataka kusikia mtu amerudi. Nilifikiri nitafurahi."

"Si nimekwambia amerudi!"

"Nimesikia sauti yako. Amerudi kama mfungwa." Mkono wake wa kushoto ulitafuta hewani mpaka ukapata ukingo wa kiti changu. "Sitaki kuchotewa maji na mfungwa. Washa hiyo simu. Nipigie Jackton."

Hata simu alijua nimeizima. Nikaiwasha, nikampigia Jackton, nikamwekea Tata sikioni. Jackton alianza salamu zake ndefu, habari ya huko, mvua je, mzee mwenyewe je. Tata akamkata.

"Jackton," akasema. "Toa viazi."

Mnangoja niseme nilimshukuru. Sikumshukuru. Nilienda jikoni nikapiga sufuria teke, nikarudi nikampa uji, na wote wawili hatukuongea mpaka kesho yake Nyaberi alipokuja kuogesha na kutuuliza ni nani amekufa.

Jumapili Jackton alifika na pikapu. Waliweka godoro nyuma, Nyaberi na wanaume wengine wawili wakambeba Tata wakamlaza, wakafunga turubai juu. Mimi nilikaa nyuma naye, na begi langu, na cherehani nikaiacha kwa Nyaberi. Tata alikuwa amevaa koti lake la harusi. Tulipita kiwandani, tukateremka mteremko. Gari lilipoanza kugonga mbao za daraja akauliza.

"Tumefika mtoni?"

"Tumefika."

Mbao zikagonga, zikanyamaza. Tukaanza kupanda upande wa pili.

"Tumevuka?"

"Tumevuka, Tata."

Aligeuza uso wake akauficha kwa godoro. Nilimshika bega mpaka Kapkatet. Ann alikuwa amepaka kile chumba chokaa nyeupe, akasimama mbali, nyuma ya mlango wa jikoni kwake, akamsalimia babamkwe wake kwa heshima bila kumwangalia. Chumba bado kilinuka viazi kidogo. Nilimgeuza, nikamwekea mto mgongoni, nikamwonyesha Jackton vile unawekwa. Halafu nikaenda.

Sasa niko Athi River. Nashona mfuko wa kushoto wa suruali. Wa kulia unashonwa na mwingine, mimi ni wa kushoto tu, unakuja, naushona, unaenda. Tunatoka nyumbani na Moureen kabla jua halijachomoza na tunarudi likiwa limezama. Geti linafungwa asubuhi, linafunguliwa jioni, na chakula tunakula humo ndani. Madirisha yako juu kabisa chini ya paa, yanaleta mwanga lakini huwezi kuchungulia. Mashine yangu imetazama ukuta. Umepakwa rangi ya kijani mpaka mahali mtu anafika na bega, kijani ile ile ya chai. Siku ya kwanza nilipoona nilicheka peke yangu, msimamizi akaniuliza kama niko sawa.

Sijutii, msinielewe vibaya. Mshahara ni wangu na usiku nalala bila kuamka kumgeuza mtu. Lakini hiyo nchi kavu ya Moureen sijaiona bado. Jumapili tunafua na kulala.

Juzi wakati wa chakula simu ikalia. Jackton alikuwa amenipigia, akamwekea Tata sikioni.

"Mama," Tata akasema. Kulikuwa na mvua kwake, niliisikia vizuri kwenye mabati. "Huko uko, unaona nini?"

Niliangalia ukuta. Nikaifanya sauti yangu iwe nyepesi, maana huyo mzee anasikia hata simu iliyozimwa.

"Naona mbali, Tata. Nchi kavu mpaka macho yanachoka."

"Hakuna chai?"

"Hata jani moja. Ni nyasi za rangi ya simba na jua limeshika kila mahali. Kuna mtu anakuja kule mwisho, ni mdogo bado, sijui atafika saa ngapi."

"Hiyo ni muvi ama ni kweli?"

"Ni kweli, Tata."

Alinyamaza, vile alivyonyamaza siku ile ya Omosa. Niliisikia pumzi yake na mvua. Nikashika simu kwa mikono miwili, nikaomba asiseme hapana.

"Haya," akasema mwishowe. "Ana farasi?"

"Anaye."

"Basi endelea."

Nikageukia ukuta, nikaendelea.